Pesa ya Freni

Francine, mama,

Umeenda Katindo kusuka nywele, na mama yako yuko sokoni anamtafutia shangazi yako sambaza kavu, kana kwamba Kampala hakuna samaki. Nina muda wa kuwa peke yangu na karatasi, na mwanga wa dirishani bado unatosha. Habari za kula vizuri, kusali na kufunga dirisha la basi mama yako atakupa njiani, na njia ni ndefu, hutakosa kitu. Mimi nataka kukuandikia juu ya gari utakayonunua huko Kampala. Tangu Jumapili nawaza gari hiyo tu. Hata chai ya asubuhi ninaimwaga nyuma ya kibanda ili mama yako asione kwamba siinywi.

Jumapili uliniomba nije na wewe. Ulisema: "Papa, mwanamke akiingia peke yake kwa wauza magari, bei inapanda hata hajakaa. Njoo tu usimame pembeni na koti yako." Nikakuambia mgongo unaniuma. Ukaniangalia kama polisi anavyoangalia leseni, ukasema: "Huu mgongo, papa, unaumaka tu siku za kazi?" Tukacheka wote, mama yako akacheka zaidi, na maneno yakaishia hapo.

Mgongo wangu ni mzima. Nimekataa kuja kwa sababu najijua. Nikisimama pale pembeni na koti langu, utauziwa ghali kuliko ukiingia na mama yako, au hata peke yako. Mimi ndiye mtu ambaye wauza magari humwomba Mungu amlete. Ulikuwa na miaka minane nilipolithibitisha hilo, na kuna jambo la siku hizo ambalo sijawahi kumwambia mtu, wala kanisani, wala nyumbani.

Wewe umesoma. Shule yangu mimi iliishia darasa la nne kule Masisi, na yaliyobaki nimeyaokota: kwenye magazeti ya zamani tuliyofungia jibini, kwenye redio, na kwenye midomo ya watu wasiojua kwamba ninasikiliza. Lakini kitu kimoja nilifundishwa vizuri na baba yangu, nacho ni kununua ng'ombe.

Kwetu mlimani ng'ombe huuzwa bila kamba yake. Mkishapatana bei, muuzaji anaifungua kamba shingoni, anaizungusha mkononi pole pole, na anakungoja. Basi unatoa kitu kidogo, pesa ya kamba, ndipo anamfunga tena na kukukabidhi. Bei ya ng'ombe unaweza kuipunguza mpaka jua litue. Baba yangu alikuwa anapunguza mpaka mwenye ng'ombe anakaa chini. Lakini pesa ya kamba haipunguzwi. Anayebishana juu ya kamba ni kama amemwambia mwenzake kwamba ni mwizi, na hakuna atakayemuuzia tena. Baba yangu alikuwa anaitoa bila kuiangalia, huku anaongea mambo ya mvua. Nami nikakua nikijua hivyo: kubishana bei ni akili, kubishana kamba ni aibu.

Sasa nitazame nikiwa na miaka thelathini na nne. Tumekimbia vita, ng'ombe wamebaki wachache, wamewekwa kwa watu, na mimi na mama yako tunaleta jibini kutoka Masisi mpaka Goma juu ya magari ya watu wengine. Mama yako ndiye aliyesema tununue yetu. Likelemba ilikuwa imemfikia, ile zamu yake ya kupokea pesa ambazo wanawake wa kanisa walichanga kila wiki. Mimi nikauza ng'ombe wawili. Pesa ya gari nikaiweka kwenye soksi ya kulia. Kwenye soksi ya kushoto mama yako akaweka nyingine kwa mkono wake mwenyewe, akasema: "Hii ni ya freni na matairi. Gari iliyotembea kwa watu wengine haikosi ugonjwa. Hii usiiguse, hata wakikulilia."

Nikaenda Himbi, hapa hapa Goma, kwenye parkingi moja ya magari ambapo siku hizi pamejengwa ghorofa. Mlangoni palikuwa na mtu mwenye miwani nyeusi. Nikamuuliza kama hapa ndipo wanapouza magari, akasema ndiyo. Mkumbuke huyo mtu, maana hakunisahau. Ndani nikapokewa na mwenye magari, Papa Déo, mnene, mpole, mwenye sauti ya mtu anayeombea wagonjwa.

"Karibu, muzee," akasema.

Nami nilikuwa na miaka thelathini na nne. Leo najua kwamba hilo neno "muzee" lilikuwa ongezeko la kwanza la bei.

"Muzee, wewe uko mutu wa fasi gani?"

Nikamtajia mlima wetu. Akashika kichwa kwa mikono miwili. Akaacha Kiswahili, akaanza Kinyarwanda cha kwetu, kile cha watu wa ng'ombe ambacho hakina haraka. Akaniuliza hali ya malisho, akaniuliza mpaka majina ya ng'ombe wetu. Chai ya maziwa ikaja. Nilikuwa sijaona gari hata moja, lakini tayari ningeona aibu kuondoka.

Nilikuwa nimemlipa fundi, Kasereka, aje kuiangalia gari nitakayoichagua. Alilala chini yake muda mrefu, akatoka na mikono myeusi, akanivuta pembeni.

"Muzee, injini iko muzuri, nakuambia kweli. Lakini freni zimekwisha, imebaki chuma juu ya chuma. Usishuke nayo Mushaki mbele ya kubadirisha. Unasikia?"

"Nasikia."

Nilisikia, Francine. Nilielewa kila neno. Hapo sikudanganywa na mtu.

Tukaanza bei. Nilibishana vizuri sana, ungejivunia baba yako. Nilisimama mara mbili kama mtu anayeondoka, na mara ya tatu Papa Déo akanipa mkono, akasema ninamuua lakini basi, ni kwa ajili ya mlima. Pesa ya soksi ya kulia ikatoka yote, kamili, hakuna dola hata moja iliyochanika. Nikanyoosha mkono nipokee ufunguo.

Yeye akauzungusha kwenye kidole, pole pole.

"Sasa, ndugu yangu," akasema kwa lugha yetu, "kumebaki tu ya kamba."

Gari haina kamba. Mtu yeyote mwenye akili anajua. Lakini neno lile lilipoingia sikioni, mkono wangu ulikwisha kuanza kushuka kuelekea mguu wa kushoto kabla kichwa hakijauliza kitu. Kamba ya kwanza ilikuwa ya karatasi: dwane, ushuru wa mpakani, ilikuwa imelipwa kwa jina la mtu mwingine, kwa hiyo jina libadilishwe, na jina halibadiliki bure. Nikatoa. Ya pili ilikuwa ya plaki za namba. Nikatoa. Ya tatu ilikuwa ya siku kumi na moja ambazo gari ililala pale parkingi.

"Lakini ililala hapa wakati mimi sijaijua," nikasema, na nilisema nikicheka ili isionekane ninabishana.

"Ndugu yangu, hata ng'ombe anakula nyasi mbele ya kuuzwa. Hizo nyasi atalipa nani?"

Hapo ndipo aliposogea yule wa miwani nyeusi.

"Na mimi, papa? Njo mimi nilikuleta."

"Ulinileta? Nilikukuta umesimama kwenye mlango."

"Ee. Na huo mlango, njo nani alikuonesha?"

Watu wakacheka, nami nikacheka nao, na huku ninacheka nikavua kiatu cha kushoto mbele ya wote. Papa Déo akageuza uso ili asinione nikichimba ndani ya soksi. Mtu mwenye adabu kabisa. Noti ya mwisho aliichukua mlinzi wa lango, kwa sababu kufungua lango nako kulikuwa na kamba yake.

Nilifika nyumbani nikipiga honi. Mama yako akatoka akikausha mikono, akaizunguka gari, akaigusa kila kona kama anapima homa. Halafu akauliza: "Na freni, wamefunga mpya?"

"Wamefunga."

Neno moja tu. Nilikuwa nimepanga kuzibadilisha kwa faida ya jibini za kwanza, kwa hiyo moyoni mwangu uongo huo ulikuwa wa wiki mbili. Safari ya kwanza nikashuka na gia ndogo, nikafika. Ya pili nikafika. Faida ikaenda kwenye petroli, kwenye vizuizi vya barabarani, na kwenye bia za watu waliokuja kusherehekea, kuimwagilia gari mpya. Safari ya tatu mama yako akataka kuja nami ili akamsalimie mama yake. Wewe tukakuacha kwa jirani.

Unaijua ile barabara inayotoka Mushaki kushuka Sake. Tulikuwa tunarudi, gari imejaa jibini. Kwanza nilisikia harufu, kama kitambaa kinachoungua. Halafu nikakanyaga, na mguu ukaenda mpaka chini bila kukutana na kitu. Mama yako alikuwa ananisimulia habari za harusi ya binamu yake, na aliendelea kunisimulia kona mbili nzima kwa sababu mimi nilinyamaza. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia "jishike". Sikumwambia, maana ningesema hivyo angeuliza kwa nini. Kwenye kona ya tatu nikaigongesha gari kwenye ukingo wa mlima, na upande uliogonga ulikuwa wake.

Jibini zikateremka zenyewe kuelekea Sake. Watu walikula jibini wiki nzima na wakatuombea sana. Mguu wa mama yako ulivunjika mahali pawili, na unajua ulivyopona.

Hospitalini walikuja watu wa kanisa. Nilikuwa nimesimama karibu na kitanda nilipomsikia anawaambia, uso wake bado umevimba: "Freni zilikuwa mpya kabisa. Bwana yangu alizibadirisha siku ile ile ya kununua. Ni shetani tu." Ni miaka kumi na minane sasa, na kila mtu akiuliza habari za mguu, ananitetea hivyo. Ananitetea kwa uongo wangu mwenyewe. Na mimi huwa nasimama pale pale, natikisa kichwa juu ya shetani.

Kuna kingine kidogo, nikiandike pia maana karatasi imekwisha kuzoea. Mabaki ya gari nilimuuzia mtu mmoja kutoka Rutshuru aliyetaka injini. Tulipatana, akanilipa, akaniomba karatasi zake. Nikazishika kidogo mkononi, nikamwambia, kwa sauti ya upole ambayo sikujua kwamba ninayo: "Kumebaki ya kamba." Akatoa bila kuangalia. Nilipoondoka pale niliitia pesa ile kwenye soksi ya kushoto, na haikuwa kwa furaha.

Wewe unadhani kibanda changu cha chai na jibini nilikiweka mbele ya parkingi nyingine ya wauza magari kwa sababu pale watu ni wengi. Ni wengi kweli. Lakini nilikiweka pale nipate kuona kwa macho yangu namna nilivyofanywa. Ni miaka saba ninawakatia wauza magari jibini, na wao wanaongea mbele yangu kama wanavyoongea mbele ya mbuzi. Kazi yao sasa naijua karibu kama wao.

Juu ya gari yenyewe hawadanganyi sana. Gari inaonekana, na fundi anaweza kulala chini yake. Wanachokichezea ni saa zako. Mteja anafika asubuhi ana nguvu na anajua anachotaka. Anakalishwa, anakunywa, anaitwa boss, anamngoja mtu wa karatasi ambaye kila mara yuko njiani. Saa tisa ana njaa, na amekwisha kupiga simu nyumbani kwamba gari imepatikana, huko wameanza kufagia mahali itakapolala. Hapo ndipo vile vidogo vidogo vinatoka, kimoja kimoja, na kila kimoja ni kidogo kiasi kwamba kukikataa kunaonekana uchoyo. Nimewaona watu wenye vyeo wakilipia kuoshwa kwa gari ambayo bado ina vumbi. Mmoja alilipia "ulinzi wa tangi", na mpaka leo sijui hicho ni nini. Nadhani hata aliyekitaja hakujua. Alikuwa anajaribu tu aone itafika wapi.

Mmoja tu nimemwona akiwashinda. Alikuwa mwalimu, mama mfupi mwenye mkoba wa plastiki. Walipokwisha kupeana mikono na vile vidogo vikaanza kutoka, akachukua kalamu akaandika bei kwenye kiganja chake, akamwonyesha muuzaji.

"Papa, asubuhi ulisema hii. Saa sita ukasema hii na hii. Sasa ni ngapi, mpaka gari iko kwa barabara na plaki yake?"

"Mama, hivi viko vitu vidogo tu..."

"Kama viko vidogo, lipa wewe."

Makomisioneri, wale wa mlangoni kama yule wa miwani nyeusi, wakapiga kelele. "Mama, utatembea na miguu mpaka lini?" Mwingine: "Muache, anatafuta gari ya kugawa, kama unga ya misaada!"

Akafunga mkoba. "Nitatembea mpaka bei ikae fasi moja," akasema, akatoka, akaja kwangu, akaagiza chai na kuinywa akiwa amewapa mgongo. Kikombe kilikuwa kinagongagonga meno yake, na ni mimi tu niliyeona. Muuzaji alimfuata mpaka kibandani kabla hajaimaliza. Hakununua siku hiyo. Kama alinunua siku nyingine sijui. Ninachojua ni kwamba aliogopa kama mimi, uoga ule ule, na bado akaondoka.

Sasa nikuambie la juzi. Ulichaji simu yako kwangu, na ujumbe wa sauti ukaingia. Sikuufungua, ulijifungua wenyewe, au karibu na hivyo. Ilikuwa sauti ya yule muuzaji wa Kampala unayepatana naye juu ya gari: "Dada yangu, hii basi naiweka kwa ajili yako tu. Kuna mteja mwingine anafika. Nitumie kidogo ya kuishika. Bei ni ile ile, kila kitu ndani." Akacheka kidogo mwishoni. Niliisikiliza mara nne. Hana lugha yetu, hajui mlima wetu, lakini niliuona ufunguo ukizunguka kwenye kidole. Chini ya picha aliyokutumia kuna mstari mdogo wa Kiingereza, herufi za ukubwa wa sisimizi. Nikamwomba jirani yetu anayefundisha Kiingereza anisomee. Unasema bei hiyo haina kodi, haina usajili, na haina gharama za kituo. Kila kitu ndani, na kumbe vyote viko nje, vinakungoja mlangoni.

Na wewe ni mtoto wangu. Nilikuona wiki iliyopita unamlipa mtu wa moto, yule wa pikipiki, mara mbili ya bei, na kumwambia aksanti sana papa. Watu wanausifu huo uso wako wa adabu. Mimi unanitia baridi.

Ninaogopa vingi. Ninaogopa mpaka, na mtu atakayewauliza mnakwenda wapi na mfuko huo. Ninaogopa noti moja iliyochanika kwenye pembe ikataliwe. Lakini hayo ni uoga wa kawaida wa mji huu, tunaamka nao na kuoga nao. Kama ungekuwa unanunua gari ya kutembelea, ningenyamaza. Shangazi yako Odette ameandika kwamba shule yake ya wadogo ina watoto kumi na wanne wa kubebwa asubuhi na kurudishwa mchana, na wewe ndiye utakayeshika volanti na kuwaendesha. Nimewauliza watu wanaoijua Kampala. Wote wanaanza na neno moja: milima. Tangu hapo naona vichwa kumi na vinne kwenye madirisha, wanaimba nyimbo zao za shule, na mguu wako unakwenda chini.

Kwa hiyo yule mtu usimtumie chochote leo. Kama huyo mteja mwingine yupo, na aichukue. Ukifika huko, kabla ya kukaa, kabla ya soda, mwambie akuandikie kwenye karatasi moja bei ya gari ikiwa barabarani, plaki juu yake, jina lako ndani, na atie sahihi. Akikataa kuandika, utakuwa umemjua kwa bei ya tiketi ya basi. Na kitu kikizuka baada ya kupeana mikono, akiite jina lolote atakaloliita, utaona aibu. Ondoka hivyo hivyo ukiona aibu. Usingoje ipungue. Mimi nilingoja.

Sasa lile utakalonikasirikia. Tangu benki za mji zifungwe, pesa zako zote, za miaka sita ya kazi pale famasi na za mama yako, ziko ndani ya mto wa kitanda chetu. Leo asubuhi nimetoa humo pesa ya freni na matairi. Jioni utahesabu na kukuta zimepungua. Usipige kelele, majirani watajua kwamba kuna za kuhesabu. Sikuziiba. Zitasafiri kiunoni mwa mama yako, na hatazitoa mpaka fundi wa kule afungue magurudumu yote manne mbele ya macho yake. Wewe usijue hata amezifunga upande gani. Muuzaji akikutazama usoni, aone kweli huna.

Lakini mama yako namjua. Ukimwambia "mama, imebaki kidogo tu, gari itapotea", atafungua kitenge pale pale mbele ya watu. Kwake yeye freni ni jambo ambalo mtu mwenye akili hulimaliza siku ile ile ya kununua, kama bwana yake. Miaka kumi na minane nimemfundisha kuogopa shetani na kutoogopa freni. Ili azilinde, lazima ajue. Njia nyingine nimeitafuta mchana kutwa. Niliandika hata barua ya kwanza kabla ya hii, nzuri zaidi, ambayo haikuwa na Sake ndani yake. Nimeichana.

Namsikia kwenye mawe ya lango, mguu mmoja mzito, mmoja mwepesi. Anagombana bei na mtu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao, aliyemletea mzigo, na anashinda. Nitamsomea yeye kwanza. Halafu nitakuandikia alichosema.

*

Nimemsomea. Sikuruka kitu.

Nilipofika kwenye zile kona mbili, alisema, "Ngoja." Nikangoja. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha chini, mguu ameunyoosha mbele kama anavyoufanyaga jioni, na alikuwa anautazama.

"Kasereka alikuambia siku gani?"

"Siku ile ya kununua."

"Mbele ya kulipa, ao nyuma ya kulipa?"

"Mbele."

Akasema niendelee kusoma.

Nilipomaliza aliniomba zile pesa. Akazihesabu, akazifunga kwenye pembe ya kitenge, mafundo matatu. Akasema nikuandikie hivi: gari haitatembea hata mita moja yeye hajaona freni mpya kwa macho yake, na fundi atamtafuta mwenyewe, asiwe wa muuzaji, na asiwe wa mlima wa mtu yeyote. Ndiyo nimeandika.

Halafu akaanza kupanga sambaza ndani ya mfuko. Nikamsaidia, akaniacha nimsaidie. Tulikuwa tumepanga kwamba akae nawe wiki mbili tu, hadi utakapozoea. Nikamuuliza, macho yangu kwenye samaki, kama tiketi yake ni ya kwenda na kurudi.

"Ya kwenda," akasema. "Ya kurudi nitaikatia kule. Nitaona."

Basi, Francine. Usimuulize kitu njiani, na usimharakishe huko kwa ajili yangu. Freni zikaguliwe pole pole, hata zikichukua mwezi. Mimi kibanda nitakifungua kama kawaida. Ila siku utakayomsikia anauliza bei ya basi la Goma, niandikie, saa yoyote, hata kama ameuliza tu na hajakata. Simu nitaiweka karibu.

Papa yako